Ndugu wa mgonjwa naye ana haki ya kujua

Tangu serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, na Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zikasimamisha utaratibu wa kuwapitishia fedha za utafiti washirika walio nchi za nje, kauli moja imekuwa ikizunguka mabaraza ya Malindi, hapa Pwani ya Kenya, na hata vinywa vya watu waliosoma: acha ziende. Utafiti, wanasema, ni shughuli ya wageni. Wanakuja, wanatoa damu za watoto wetu, wanaandika makala zao, wanapanda vyeo, na sisi tunabaki na wagonjwa wetu vilevile. Tunachotaka ni dawa na daktari. Naielewa kauli hii na nitaipa haki yake hapa chini. Lakini tukija kwenye saratani ya watoto, imekosea, na kosa lake linamwangukia mtoto ambaye hakuna anayemtaja: ndugu wa mgonjwa, aliye mzima leo, anayecheza uani huku mwenziwe yuko wodini. Mtoto mgonjwa anahitaji dawa, na utafiti ndio uliomwonyesha daktari namna ya kuitumia dawa hiyo imponye. Nduguye bado hahitaji dawa yoyote. Anahitaji kujulikana kama yumo hatarini au hayumo, na jibu hilo halipatikani duka la dawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni saratani ya jicho inayoitwa retinoblastoma. Huanza kwenye retina, ile ngozi nyembamba ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, na huwapata watoto wachanga na wadogo, wengi wao kabla ya kufika miaka mitano. Dalili yake ya kwanza mara nyingi huonekana na mama kabla ya daktari: mboni ya jicho inang'aa nyeupe gizani, au picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu inaonyesha jicho moja jekundu na jingine jeupe. Wengine huanza na makengeza. Ikigunduliwa mapema, karibu watoto wote hupona, na wengi hubaki na jicho, hata na uwezo wa kuona. Ikichelewa hupita kwenye mshipa wa jicho hadi ubongoni, na hapo ni vigumu sana kumwokoa mtoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya habari za watoto 4,351 kutoka nchi 153, ulionyesha kwamba katika nchi tajiri nusu ya watoto hawa huwa wameshagunduliwa wakifika miezi 14, ilhali katika nchi maskini kabisa nusu hiyo haifikiwi mpaka miezi 30. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ni mwaka mmoja na zaidi wa kuchelewa, na mwaka huo ndio unaoua.

Kwa nini basi nyumba moja ipate watoto wawili? Swali hili lilijibiwa kwa utafiti, tena utafiti wa karatasi na hesabu tu. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Alfred Knudson, alikaa na kumbukumbu za watoto 48 wenye retinoblastoma akagundua kwamba waliougua macho yote mawili waliugua wakiwa wadogo zaidi kuliko walioumwa jicho moja. Akahitimisha kwamba saratani hii inahitaji hitilafu mbili. Baadaye ilijulikana kwamba zote mbili huwa katika jeni moja, yaani agizo moja la urithi ambalo kila seli ina nakala zake mbili. Chukua jahazi lililofungwa kwa amari mbili: ikikatika moja bado limetulia, zikikatika mbili linakwenda na maji. Watoto wengi huzaliwa na amari zote mbili, na ni bahati mbaya adimu sana zote zikatike katika seli moja ya jicho. Lakini wapo wanaozaliwa moja imeshakatika katika kila seli ya mwili, na kwao hitilafu ya pili huja kwa wepesi wa kutisha, mara nyingi katika macho yote mawili. Jeni yenyewe, RB1, ilipatikana mwaka 1986. Leo tunajua kwamba takriban watoto 40 kati ya 100 wenye ugonjwa huu wana hitilafu ya kuzaliwa nayo, na kwamba mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Ninaijua familia moja ya Maweni iliyopitia njia hii. Mtoto wa kwanza aliondolewa jicho. Alipozaliwa wa pili, na mboni yake nayo ikaanza kung'aa, hakuna aliyeuliza habari ya jeni. Watu waliuliza habari ya mama: ana nuksi gani, alikanyaga nini akiwa mjamzito, kwao kuna nini. Ndugu wa mume wakaanza kusema aoe mke mwingine. Simlaumu mtu kwa kutojua asichoelezwa, lakini lazima isemwe hadharani kwamba elimu ya ugonjwa huu inapinga hukumu ile moja kwa moja. Wagonjwa wengi wenye hitilafu ya kuzaliwa nayo hawana mzazi aliyewahi kuugua, kwa sababu hitilafu ilijitokeza upya wakati wa kutungwa mimba au karibu na hapo. Na hitilafu hizi mpya, watafiti wameona, kwa sehemu kubwa hutokea katika jeni iliyotoka kwa baba. Hapo hakuna kosa la baba wala la mama, wala la chakula, wala la mahali mtu alipopita usiku. Mwanamke anayetishiwa talaka kwa sababu ya macho ya wanawe angelindwa na maarifa haya kuliko anavyolindwa na nasaha mia moja, lakini maarifa haya yamekaa kwenye majarida, hayajashuka kwenye kliniki zetu.

Sasa mfikirie mtoto wa tatu wa nyumba kama hiyo. Bila kipimo cha jeni, njia salama ni moja: akaguliwe macho tangu kuzaliwa, kila baada ya wiki chache, kisha kila baada ya miezi michache, kwa miaka kadhaa. Mtoto mdogo hatulii, kwa hiyo ukaguzi mwingi unafanywa chini ya nusukaputi, mikononi mwa mtaalamu wa macho ya watoto, na mtaalamu huyo kwa kawaida hayuko Malindi. Ni safari ya Mombasa, kilomita zipatazo 120, na mara nyingi ni safari ya Nairobi, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku za kazi zinazopotea, na pa kulala. Familia ya mvuvi au mama muuza viazi karai itakwenda mara mbili, labda tatu, kisha itaacha, na itaacha huku mtoto akionekana mzima. Lakini damu ya mgonjwa wa kwanza ikichunguzwa na hitilafu yake ikajulikana hasa ni ipi, ndugu zake wanaweza kupimwa kwa hitilafu ileile. Asiye nayo anaachwa huru: hana nusukaputi, hana safari, hana haja ya wazazi kumulika macho yake kila jioni. Aliye nayo anafuatiliwa kwa karibu, na uvimbe ukitokea unakutwa ukiwa mdogo kama punje, unachomwa kwa miale au kugandishwa, jicho linabaki. Kipimo kimoja kinageuza maisha ya nyumba nzima. Nimejaribu kufikiria ni matumizi gani mengine ya fedha za afya yenye faida kama hiyo kwa familia moja, nami sijayapata.

Hapa lazima nitaje SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, maana ndiyo bima tuliyo nayo. Ilipoanza Oktoba 2024, viwango vilivyotangazwa vya matibabu ya saratani vilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Neno la kuliangalia ni kaya. Waliopanga hivyo walimwona mgonjwa mmoja katika nyumba moja, na kwa saratani nyingi za watu wazima hilo ni sawa. Lakini ndugu wawili wanaougua mwaka mmoja wanagawana kikomo kimoja, na mzazi anajikuta akichagua nani atangulie. Laiti waliopanga wangekuwa na mtafiti wa saratani za watoto mezani, pengine wangeulizwa swali hilo mapema. Bima iliyopangwa bila kujua magonjwa yanavyotembea ndani ya familia haiwezi kuwa ya haki, hata nia yake iwe njema kiasi gani.

Nije kwa wanaosema dawa kwanza. Hoja yao ina uzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani, na kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30. Pengo hilo halikuletwa na upungufu wa utafiti peke yake. Limeletwa na dawa zinazokwisha katikati ya matibabu, na wazazi wanaokata tamaa kwa nauli, na kituo cha afya kinachompa mtoto matone ya macho badala ya rufaa. Anayesema tutengeneze haya kwanza hajakosea. Anakosea anapodhani kwamba dawa na utafiti ni masanduku mawili, unafungua moja na kuliacha jingine. Dawa nyingi zinazowaponya watoto wenye saratani ni kuukuu. Vinkristini, inayotumiwa kwa saratani ya damu, ya figo, ya jicho na uvimbe wa taya uitwao Burkitt, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya sitini mtoto mwenye saratani ya damu ya aina inayowapata watoto wengi alikuwa karibu hana tumaini. Leo, katika nchi zenye vituo vizuri, takriban 9 kati ya 10 wanapona. Sehemu kubwa ya dawa zinazotumika ni zilezile. Kilichobadilika ni ujuzi wa kuzipanga: ipi na ipi zichanganywe, kwa kipimo gani, kwa muda gani, mtoto yupi apewe nyingi na yupi apunguziwe. Ujuzi huo ulipatikana kwa kuwaandikisha watoto katika majaribio, kizazi baada ya kizazi, kila jaribio likianzia pale lililotangulia lilipoishia.

Na ujuzi huo hausafirishwi kwa meli ukafika ukiwa mzima. Vinkristini inatoka kwenye ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska, ambalo katika Pwani yetu linamea kwenye mchanga mkavu bila hata kumwagiwa maji. Watafiti waliofanya kazi Malawi waliona kwamba watoto wenye utapiamlo na uvimbe mkubwa wa figo huchelewa kuiondoa dawa hii mwilini, hivyo dozi ya kitabuni inaweza kuwazidi nguvu. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa Kenya, huko Eldoret, nao wakaona kwamba wengi mno wa watoto wetu wana kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyohiyo kwa wepesi, na kwamba madhara yake kwa mishipa ya fahamu yalikuwa machache, hivyo huenda dozi ya kitabuni ikawa ndogo kwao. Soma matokeo hayo mawili kwa pamoja. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa huko Ganze anaweza kuhitaji kipimo pungufu, na mtoto mwenye afya nzuri zaidi hapa mjini akahitaji kipimo cha juu, na kitabu kilichoandikwa kwa watoto wa Ulaya hakimjui yeyote kati yao. Ukileta kontena la dawa bila kulijua hilo, mmoja utamuumiza kwa wingi wa dawa na mwingine utampoteza kwa uchache wake, kisha watu watasema dawa za hospitali hazina faida.

Kilifi imeshaliona jambo hili kwa macho yake, ingawa si katika saratani. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto aliyeletwa hospitali akiwa mahututi kwa homa kali, mikono na miguu ikiwa imepoa na damu haizunguki vizuri, amiminiwe maji ya mishipani kwa haraka. Jaribio lililofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3,000, lilichapishwa mwaka 2011. Kati ya watoto 100 waliomiminiwa maji hayo, 10 hivi walifariki ndani ya siku mbili. Kati ya 100 wasiomiminiwa, 7 hivi. Tiba iliyoaminiwa na madaktari wengi ilikuwa ikiongeza vifo vya watoto wetu. Bila watoto wa hapa kuandikishwa, kwa ridhaa ya wazazi wao, tungeendelea kuwamiminia tukidhani tunawaokoa.

Hoja ya pili ya upande ule, ya kwamba tunanyonywa, ina ukweli zaidi ya wanavyopenda kukiri watafiti. Watoto wa Kilifi walikuwa miongoni mwa walioshiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Kenya ilipoanza kuitoa chanjo hiyo Septemba 2019, ilianzia kaunti za magharibi. Ilikuwapo sababu, malaria ya huko ni kali zaidi, lakini mzazi wa Kilifi aliyemtoa mwanawe kwa jaribio ana haki ya kuuliza kwa nini hawakuanza na wao. Kabla ya hapo, vipande vya uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ule aliouelezea daktari Denis Burkitt mwaka 1958, vilipelekwa London, na ndani yake mwaka 1964 vikapatikana virusi vya kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu. Ulimwengu mzima ulifaidika. Mtoto wa Afrika Mashariki mwenye uvimbe huo, ambao huandamana na malaria na kwa hiyo unatuhusu sana watu wa Pwani, bado yumo katika hatari ya kufa kwa kukosa kozi kamili ya dawa. Hayo ni madeni, nami nakubaliana na anayedai yalipwe. Ila deni hudaiwa na aliyebaki mezani. Ukisusa, uchunguzi utafanywa kwa watoto wengine, dozi zitapangwa kwa miili mingine, na wewe utabaki mnunuzi wa dawa iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine. Dai la haki ni kwamba kila utafiti unaochukua damu ya mtoto Malindi uwe na daktari wa Kenya anayeuongoza, uwarudishie wazazi majibu kwa Kiswahili, uifuate sheria ya 2019 ya ulinzi wa data, na useme mapema dawa itakayofanya kazi itapatikanaje hapa baada ya jaribio kwisha.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni hoja isiyosemwa barazani lakini inayofanya kazi nyumbani: kwamba kumpima mtoto mzima ni kumtabiria mabaya, na kwamba damu inayochukuliwa ni kazi ya mumiani. Hofu ya mumiani ina historia yake ya kikoloni na siidharau. Lakini kumpima mtoto hakumleti ugonjwa wala hakuufukuzi. Hitilafu ipo au haipo tangu tumboni. Kinachobadilika ni muda tulio nao. Anayeitetea hofu hii kwa dini namkumbusha kwamba Mtume aliamrisha watu wajitibu, akasema Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Masheikh wetu hulisoma hadithi hilo kila anapougua mtu mzima. Lisomwe pia kwa mtoto ambaye bado hajaugua, kwa sababu kwake tiba ndiyo hiyo ya kujua.

Na wapo wasemao kwamba saratani ya watoto ni adimu, tuanze na malaria na utapiamlo. Retinoblastoma huwapata watoto wachache, mmoja katika kila elfu 15 hadi elfu 20 wanaozaliwa. Uadimu huo ndio unaofanya iwe rahisi kumfuatilia kila mmoja na nduguze bila kuitikisa bajeti.

Kinachofuata, basi, ni mambo ya kudai kwa majina yake. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kina sehemu ya macho. Muuguzi wa kliniki ya chanjo apewe kurunzi na muda wa kuitumia sehemu hiyo, na mama anaposema ameona weupe, asirudishwe nyumbani na matone. Kila mtoto anayegunduliwa saratani, fomu yake iwe na mstari wa ndugu zake: wangapi, umri gani, nani amekaguliwa. Hospitali ya Rufaa ya Pwani iliyoko Mombasa na kaunti za Kilifi na Lamu zinaweza kuwa na daftari moja la watoto hawa, maana familia hizi zinahama na kuoana kutoka Faza hadi Mambrui na habari zao zinapotea njiani. SHA ihesabu kikomo cha saratani kwa mtoto, wala si kwa kaya, na ilipie kipimo cha jeni pale mtoto anapougua macho yote mawili au pale ndugu wa pili anapougua. Watafiti wa Kilifi, ambao kwa zaidi ya miaka 30 wamejenga maabara na imani ya wakazi kwa ajili ya malaria, waombwe waitazame saratani ya watoto kwa macho hayohayo. Na fedha za mwanzo zitoke kwetu, kwa sababu 2025 imetuonyesha jinsi fedha za wengine zinavyoweza kuzimwa kwa barua moja. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai, na kabla yake Katiba inataka wananchi wasikilizwe. Katika kikao hicho cha Malindi nitaomba kifungu kimoja tu: nauli na malazi ya mtoto mwenye saratani pamoja na nduguze wanaotakiwa kukaguliwa.